Ndoo, sanduku la mbao au zizi la matofali: nyenje wako wakue ndani ya nini?

Mwaka jana niligawa bakuli moja la mayai ya nyenje mara mbili. Nusu ikabaki kwangu Kisumu, nusu akaondoka nayo shemeji yangu kwa matatu kwenda Nakuru, bakuli amelipakata mapajani na kulifunika kwa leso. Mayai ya mama wale wale, yametagwa usiku ule ule. Yangu yalianguliwa siku ya 12. Yake yalifika wiki ya tano ndipo vikaonekana vitoto vichache vikirukaruka, na aliponipigia simu alikuwa ameshaamua kwamba nimempa mayai viza.

Mayai hayakuwa na kosa. Yalipita baridi ya Kericho njiani, yakafika yakawekwa ndani ya ndoo ya plastiki juu ya sakafu ya saruji, katika chumba kisichopata jua. Ndoo kama hiyo hiyo, katika chumba changu cha mabati hapa Kisumu, ilikuwa inatosha kabisa. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue ndoo, atengenezewe sanduku au ajenge zizi, namuuliza kwanza analala wapi na usiku anajifunika mablanketi mangapi.

Huku kwetu nyenje si kitu kigeni. Wajaluo humwita onjiri na wazee wengi walimla utotoni kabla hajawa habari ya wataalamu. Siku hizi Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo kina kituo kizima kinachoshughulikia wadudu kama chakula cha watu na mifugo, na icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kampasi yake Mbita kando ya ziwa. Ulaya na Marekani nyenje huyu huyu wa nyumbani hufugwa kwa wingi kulishia mijusi na buibui wakubwa wa tarantula ambao watu huwaweka sebuleni. Kila mtu na burudani yake. Sisi tunamfuga kwa ajili ya kuku, samaki na sahani.

Tunapima nini

Joto ndilo la kwanza, na ndilo litakalochukua maneno mengi. Nyenje hatengenezi joto la mwili wake kama kuku. Joto lake ni la pale alipo. Akikaa kwenye nyuzi 28 hadi 32, mayai huanguliwa kwa takriban wiki mbili, na kinda hujivua gamba mara saba hadi kumi akapata mabawa ndani ya wiki sita hadi nane. Shusha joto, muda unarefuka. Chini ya nyuzi 20 hali chakula cha maana, anajibanza tu kwenye trei, yaani zile za karatasi za kubebea mayai ya kuku, ambazo ndizo nyumba yake. Ukipita 35 nako anakauka na kufa, tena vitoto ndio hutangulia.

Sasa angalia ramani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana tunafika nyuzi 29 au 30, usiku tunashuka hadi 17 au 18. Nakuru iko kama mita 1,850. Mchana ni 25 hivi, usiku ukaona 10 au 12, na Juni hadi Agosti ni chini zaidi. Mchana chombo chochote kinafaa, hata kule. Mtihani wa chombo ni saa kumi na moja alfajiri.

Kipimo cha pili ni unyevu na hewa, na hapa nyenje ana mambo mawili yanayopingana. Kitoto cha siku ya kwanza, mdogo kama kichwa cha pini, hukauka haraka akikosa unyevu. Mkubwa naye hapendi majimaji. Kinyesi kikilowa kinatoa harufu kali ya mkojo, kinaota ukungu, na vifo vinaanza. Cha tatu ni nafasi. Nyenje akitoka kujivua gamba anakuwa mweupe na laini kama ugali wa moto, na kama wenzake wamembana watamla akiwa hai. Cha nne ni usafi na maadui: sisimizi, mijusi, utitiri. Cha tano ni mfuko wako.

Chakula sikukiweka kwenye vipimo kwa sababu hakibadiliki na chombo. Mashi ya vifaranga kutoka agroveti, pamoja na majani ya kunde, mchicha au viazi vitamu, ndiyo chakula cha nyenje katika vyombo vyote vitatu. Ila neno moja: majani yaliyopuliziwa dawa yatakuulia kundi zima kwa usiku mmoja, na sukuma wiki ya sokoni huwezi kuijua historia yake. Chuma shambani kwako, au kwa jirani unayemwamini.

Ndoo na kreti za plastiki

Joto. Plastiki ni nyembamba, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa vile chumba kilivyo, dakika chache baadaye. Usiku wa Kisumu hilo si balaa, maana nyumba ya mabati yenye dari huhifadhi joto kiasi. Nakuru ndoo inalala baridi kama sufuria. Lakini ndoo ina miguu yako: mchana unaitoa kibarazani kivulini, jioni unaiingiza jikoni baada ya chakula kupikwa, unaizungushia blanketi kuukuu. Shemeji alifanya hivyo mwezi mzima akiwa bado anajipanga na ilimsaidia, ingawa watoto wake walisema ana mapenzi na wadudu kuliko wao. Hatari ya ndoo Kisumu ni upande wa pili. Saa nane mchana chini ya mabati bila dari, ndoo ndogo inaweza kugeuka chungu cha kupikia. Na jua la moja kwa moja, hata la robo saa, usijaribu.

Unyevu na hewa. Plastiki haipumui. Ukiona matone kwenye kuta za ndani asubuhi, umeziba mno. Kata dirisha kubwa kwenye kifuniko, funika kwa wavu wa waya. Usitumie wavu wa nailoni, wataula watoke. Kwa vitoto, huku kuhifadhi unyevu ni faida kubwa, na sijaona chombo kingine kinacholea vitoto vizuri kama ndoo.

Nafasi. Simamisha zile trei za mayai ya kuku wima, bega kwa bega, kama vitabu kwenye rafu. Nyenje hatumii hewa ya katikati, anatumia kuta. Trei nyingi ni nyumba nyingi. Hata hivyo, katika ndoo ya lita 20 mimi siachi wakubwa zaidi ya mia mbili, na nikiona miguu iliyokatika imetapakaa chini najua nimechelewa kuwagawa.

Usafi na maadui. Hapa plastiki haina mpinzani. Nyenje wa nyumbani hapandi ukuta laini, kwa hiyo hatoroki. Kundi likiisha unasugua kwa sabuni, unaanika juani, unaanza upya. Kuna kirusi ambacho kimewahi kufyeka mashamba ya nyenje Ulaya na Marekani, wafugaji wakalazimika kufunga, kwa hiyo chombo kinachooshwa kikatakata si anasa.

Mfuko. Moja leo, nyingine mwezi ujao. Ndoo ya rangi iliyokwisha haifai hata ukiisugua vipi, lakini ya mafuta ya kupikia inafaa.

Inamfaa mpangaji, mwanafunzi, na yeyote ambaye bado hajui kama kazi hii anaipenda.

Sanduku la mbao

Joto. Mbao haina haraka. Inachelewa kupata joto na inachelewa kulipoteza, na ukimwambia fundi atengeneze kuta mbili za plaiwudi na katikati ashindilie maranda, umepata kitu kinachofanana na fuko la kuhifadhia chakula moto. Shemeji alitengenezewa la namna hiyo mwezi wa tano. Jioni anaingiza chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwenye vitambaa, anafunika. Alfajiri, chumba kikiwa nyuzi 13, ndani ya sanduku anasoma 21 au 22. Kundi la kwanza la ndoo lilimchukua zaidi ya miezi minne kufika mabawa. Kundi la sanduku, tena katikati ya baridi ya Julai, lilichukua wiki 11. Bado si wiki zangu saba, lakini ni mavuno.

Sanduku hilo hilo ukinipa Kisumu mwezi wa Februari, ningelikata madirisha pande mbili. Huku tatizo langu ni joto kuzidi mchana, na ukuta wenye maranda huhifadhi joto baya vilevile kama zuri.

Unyevu na hewa. Mbao hunywa maji. Vitoto vikiwa ndani, ubao mkavu unavuta unyevu wao wote, na utashangaa sponji uliyolowesha asubuhi imekauka adhuhuri. Mvua ndefu zikija mambo yanageuka: mbao zinavimba, kifuniko hakifungi, ukungu unaanza pembeni. Njia niliyoona inafanya kazi ni kuangulia kwenye ndoo, kisha kuhamishia sandukuni wakifika wiki ya tatu.

Nafasi. Unajipangia mwenyewe. Futi nne kwa mbili ni sanduku ambalo watu wawili wanaweza kulibeba, na hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kumwagiza fundi kitu kikubwa kama kitanda.

Usafi na maadui. Hapa sanduku linaumia. Nyufa ni makao ya utitiri na mayai ya wadudu wengine, na huwezi kulisugua kama ndoo. Nyenje pia hupanda ubao mkavu kama ngazi, kwa hiyo ukanda mpana wa selotepu laini lazima uzunguke juu kwa ndani. Miguu ya sanduku iwe kwenye vikopo vyenye maji na sabuni, la sivyo sisimizi watakula vitoto kabla hujavihesabu.

Na sasa lile ambalo halikuandikwa popote nilipoanza. Mbao nyingi za huku hupakwa dawa ya mchwa. Sanduku langu la kwanza nililichukua kwa fundi mmoja ambaye aliniapia kuwa mbao ni safi. Nilitia nyenje mia tatu jioni; asubuhi walikuwa wamelala chali wote, miguu juu. Kabla hujalipa, muulize fundi mbao zimetoka wapi, zinuse, na ukiona rangi ya kijani au kahawia isiyo ya mti, achana nazo. Kisha uweke nyenje watano tu kwa siku tatu kama wajumbe.

Mfuko. Ghali kuliko ndoo, rahisi kuliko ujenzi. Mafundi wa soko la Kibuye hapa Kisumu huweza kukutengenezea kwa mabaki ya plaiwudi ukiwapa vipimo na muda.

Linamfaa anayeishi mahali penye baridi, hata kama nyumba si yake: Nakuru, Njoro, Kericho, Kitale, Eldoret.

Zizi la matofali

Joto. Watu wakienda mtandaoni hukutana na picha za Thailand, mazizi ya saruji yamepangwa safu kwa safu. Ni kweli, kufikia 2013 nchi hiyo ilikuwa na wafugaji wapatao 20,000 wa nyenje. Lakini Thailand ni joto. Tofali na saruji humeza joto mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo Kisumu, Ahero, Bondo au Homa Bay zizi hukaa na fukuto lake zuri hadi usiku wa manane. Nakuru mchana wenyewe hauna joto la kutosha kumezwa. Kuanzia Juni sakafu inakuwa jiwe la mtoni, na nyenje wote utawakuta wamekimbilia trei za juu. Akilazimika mtu kujenga huko, basi akae na tabaka nene la makapi ya mpunga sakafuni na kifuniko cha plaiwudi usiku. Makapi yenyewe kwetu si shida. Mitambo ya mpunga ya Ahero inayo ya kumwaga.

Unyevu na hewa. Hewa ni nyingi, hata mno kwa vitoto. Maji ya ardhini hupanda kwenye saruji kama hukutandika karatasi ya nailoni chini wakati wa ujenzi, na hilo huwezi kulirekebisha baadaye. Saruji mpya nayo ina ukali wake: ioshe, iloweshe, uiache wiki kadhaa kabla ya kutia kiumbe.

Nafasi. Hii ndiyo sababu ya kujenga. Zizi la mita moja na ushei kwa mbili na nusu, lenye kina cha sentimita 60, linachukua kundi ambalo ungelilea kwa ndoo ishirini. Ila nafasi kubwa hudanganya macho. Unatazama unaona pana, unaongeza mayai, na wiki ya tano wanaanza kutafunana huku wewe ukiona katikati pako wazi. Hesabu trei, usihesabu sakafu.

Usafi na maadui. Ugonjwa ukiingia umeingia kwa wote. Mwenye ndoo ishirini hupoteza ndoo moja. Mwenye zizi moja hupoteza msimu. Mijusi hushuka ukutani, vyura huingia wakati wa mvua, panya na kuku wa jirani pia wamo. Mfereji mdogo wa maji kuzunguka msingi huzuia sisimizi, wavu wa waya juu huzuia wengine.

Mfuko. Huwezi kuhama nalo. Basi.

Linamfaa mwenye kiwanja chake ukanda wa ziwa, mwenye mnunuzi tayari, na ambaye ameshalea angalau makundi matatu kwenye vyombo vidogo.

Kuongeza joto bila kuua

Vyovyote utakavyochagua, Nakuru na milimani utahitaji kuongeza joto, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Balbu ya zamani inayotoa joto, ikiwekwa juu na kukingwa kwa wavu, ni nzuri palipo na umeme wa uhakika. Chupa za maji ya moto ni za kila mtu. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwako kabla ya kuwa hatari kwa nyenje. Hewa yake huua watu usingizini, na si mara moja wala mbili tumesikia. Koili ya mbu nayo isiwashwe chumba hicho. Nakuru ni mji wa pareto tangu enzi za wazazi wetu, na dawa nyingi za mbu zina pareto au binamu zake za kiwandani. Kinachoangusha mbu kitaangusha nyenje.

Jambo jingine ambalo watu hukosea ni kudhani kwamba nyenje anayekua polepole ni mgonjwa, kisha wanamwongezea mashi. Mashi isiyoliwa hulowa, huota ukungu, na hapo ndipo anapougua kweli. Kama anakula kidogo, anajivua gamba, na hafi, basi ni baridi tu. Mpe joto au mpe muda.

Kulingana na hali yako

Ukiwa umepanga chumba kimoja hapa Kisumu, Nyalenda au Kondele, na unataka kulisha kuku kumi wa mama nyumbani, ndoo mbili zinatosha: moja ya wakubwa, moja ya vitoto. Nunua dari ya maboksi kabla ya kununua ndoo ya tatu.

Ukiwa Nakuru, Njoro au Eldoret na unataka mavuno yanayotabirika, anza na ndoo ya kuangulia iliyowekwa karibu na jiko, na sanduku moja lenye kuta mbili. Ukiwa na sanduku bila ndoo utapoteza vitoto. Ukiwa na ndoo bila sanduku utapoteza subira.

Kakamega na Bungoma ziko katikati, kwa mwinuko na kwa majibu pia. Huko sanduku la ukuta mmoja, lenye kifuniko cha kufunga usiku na kufungua mchana, hufanya kazi mwaka mzima, mradi uwe macho na ukungu wakati wa mvua.

Kama ni kikundi cha kina mama au vijana chenye kiwanja Ahero au Bondo, na hoteli au mfugaji wa samaki ameshasema atanunua, jengeni mazizi mawili madogo badala ya moja kubwa, na mayai yao yasitiwe siku moja. Moja likiugua, la pili linabaki na mbegu.

Kama unafuga kwa ajili ya kuku wako tu na huna haraka, Nakuru hata ndoo zitakufaa. Ongeza idadi yake ili kundi moja likichelewa jingine liwe linakomaa.

Na kama bado hujui uangukie wapi, usinunue chombo wiki hii. Nunua kipimajoto cha kawaida, kiweke pale pale unapokusudia kufugia, na kwa siku saba andika inasoma ngapi saa kumi na moja alfajiri. Ikisoma 20 kwenda juu, chukua ndoo, na zizi ulifikirie ukishakomaa. Ikiwa kati ya 16 na 20, tafuta sanduku. Ikiwa chini ya hapo, sanduku la kuta mbili na chupa za maji ya moto, tena umweleze na mwenye nyumba mapema kwa nini birika lako linachemka saa mbili usiku.